Mikono Imeshikwa, Sikio Liko Huru

Wanawake wanaokuja kushonesha nguo kwangu Biryogo, Kigali, huuliza mambo mawili. Kwanza, gauni litakuwa tayari lini. Halafu, wakishasimama kidogo na kutega sikio kwenye spika ndogo iliyo juu ya rafu ya nyuzi, huuliza: "Dada, hiyo ni redio gani?" Nikiwaambia si redio, ni podikasti, wengi husema hawana muda wa mambo hayo. Wana watoto, wana biashara, wana wazazi wa kuuguza, na Jumapili kuna kikao cha ikimina, kikundi cha kuweka akiba. Mimi huwajibu kwamba hao hao ndio ninaowakusudia. Mwenye nafasi ya kuketi asome kitabu. Podikasti ni ya mtu ambaye macho yake yako kwenye kitambaa na mikono yake iko kwenye unga, asiyebakiwa na kitu huru isipokuwa masikio.

Nimekuwa fundi nguo na mama kwa wakati mmoja kwa miaka mingi sasa. Nimeona orodha nyingi za podikasti zinazosemekana kuwafaa akina mama wenye shughuli, na nyingi ya hizo hazikumfikiria mama wa huku kwetu Nyamirambo hata kidogo. Nitataja vipindi ninavyovisikiliza na kuvipenda. Ila kabla ya majina nataka nieleze nilivyopata sikio langu, maana simu haikunifundisha kusikiliza. Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu.

Nilizaliwa Kigoma, nikaolewa Kigali. Kinyarwanda nilichokuja nacho kilikuwa cha salamu na kuulizana hali. Mtaani hilo halikunisumbua. Biryogo ndiko Wabelgiji walikokuita Camp Swahili enzi za ukoloni, na mpaka leo Kiswahili kinatosha kununulia nyanya, kubishania nauli na mwenye pikipiki na kuazima pasi kwa jirani. Lakini ndani ya nyumba ya mume wangu lugha ilikuwa Kinyarwanda, na mama mkwe, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kutafsiri. Alikuwa na redio ya betri iliyofungwa kipande cha waya kwenye antena. Saa ya mchezo wa Urunana ikikaribia, kazi zote za nyumba zilihamia karibu na redio hiyo. Tuliketi mkekani na ungo wa maharage, yeye upande huu mimi upande ule, tukitoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, na watu wa kijiji cha Nyarurembo wakizungumza katikati yetu.

Nyarurembo hakipo kwenye ramani yoyote. Ni kijiji cha kubuni, makazi ya Bushombe, Kankwanzi na wenzao, ambao Wanyarwanda wengi wanawafahamu kuliko majirani wa mtaa wa pili. Urunana ilianza kurushwa mwaka 1999 katika idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu, na walioibuni walijifunza kutoka kwa The Archers, mchezo wa redio wa Uingereza ambao tangu 1951 uliwafundisha wakulima mbinu za kilimo kupitia hadithi za kijiji. Hapa Rwanda somo lilikuwa afya: uzazi wa mpango, Ukimwi, mama kwenda kliniki akiwa mjamzito, mume anayempiga mkewe. Kila sehemu ilichukua kama robo saa. Kwangu lilikuwapo somo la ziada, lugha yenyewe. Nilijifunza namna ya kumjibu mzee bila kumvunjia heshima, namna ya kukataa jambo bila kutamka neno "hapana", na namna mwanamke wa Kinyarwanda anavyokasirika akiwa ametulia.

Siku moja mchezo uligusa mambo ya kupumzisha uzazi. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mwingine ambaye ndiyo kwanza anatembea. Mama mkwe hakuwahi kuniuliza lolote kuhusu jambo hilo, wala mimi nisingethubutu kulianza. Kwa mkwe kuna mipaka. Mchezo ulipokwisha hakuzima redio. Aliendelea kutazama maharage yake, akasema: "Mama Salma, yule mwanamke wa redioni ana akili. Mwili nao unachoka." Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Hatukuongeza neno. Wiki iliyofuata nilikwenda kituo cha afya, na mtoto alibaki naye.

Jambo ambalo mimi na yeye hatukuweza kuambiana ana kwa ana lilipata njia kwa sababu palikuwa na mtu wa tatu chumbani, mtu asiyekuwapo, ambaye tungeweza kumsema bila kusemana. Tangu hapo hiki ndicho kipimo changu cha kwanza cha kipindi chochote: je, kikiisha, waliokisikia wana la kuzungumza? Kipindi kinachoniacha na maarifa mengi lakini sina wa kumwambia, kwangu kimefanya nusu ya kazi.

Kipimo cha pili ni kizito zaidi, na siwezi kuandika kuhusu sauti masikioni mwa watu wa Kigali nikakiruka. Redio ya RTLM ilianza kusikika Julai 1993. Wazee wa mtaa husema ilianza kwa kuchekesha: muziki mzuri, watangazaji wachangamfu, mizaha ya kijiweni. Watu waliizoea. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyo hiyo ilitaja majina ya watu na mahali walipo ili wasakwe. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake pamoja na mhariri wa gazeti la uchochezi la Kangura. Kwa hiyo katika mji huu hakuna mwenye akili anayeweza kusema kwamba sauti ya redioni ni kelele za kupitisha muda. Sikio ni mlango usio na komeo, anayeingia, ameingia.

Nikianza kusikiliza podikasti mpya, siangalii kwanza mada wala umaarufu wa mtangazaji. Nasikiliza anavyowazungumzia watu wasiokuwapo chumbani: mama wa kambo, msichana wa kazi, mtu wa kabila jingine, mwanamke asiyezaa, maskini. Akiwadharau kwa kicheko, nafuta hata kama ushauri wake kuhusu pesa ni mzuri. Watoto wangu wako karibu na cherehani muda wote wakirudi shule. Kinachotoka kwenye spika yangu wanakichukua kama kimesemwa na mimi.

Rwanda imeonyesha pia kwamba redio inaweza kujenga. Mwaka 2004 shirika la Radio La Benevolencija lilianzisha Musekeweya, mchezo wa vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vinavyovutana, na vijana wawili wanaopendana kuvuka uhasama huo. Mwanasaikolojia Mmarekani, Elizabeth Levy Paluck, aliufuatilia kwa mwaka mzima. Baadhi ya jamii zilisikiliza Musekeweya kwa pamoja, nyingine zikasikiliza mchezo wa afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yananifikirisha hadi leo. Mchezo haukubadilisha sana imani ambazo kila mtu alizibeba moyoni. Ulichobadilisha ni jinsi watu walivyoona jamii yao inavyotenda na inavyopaswa kutenda, na ukabadilisha matendo yenyewe. Mwishoni jamii ziliachiwa redio na kanda za vipindi. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa mtaa avitunze. Waliosikiliza Musekeweya walielekea zaidi kujadiliana wenyewe jinsi ya kuvitumia kwa pamoja.

Nilipoyasoma hayo niliikumbuka mikeka ya mama mkwe. Kusikiliza pamoja na mtu mwingine kunafanya kazi ambayo kusikiliza peke yako hakuwezi kuifanya. Ndiyo sababu katika duka langu natumia spika, si hedifoni. Wasichana wawili ninaowafundisha ushonaji husikia ninachosikia. Kipindi kikikolea, cherehani zote tatu hunyamaza zenyewe, na huo ndio wakati ninaojua kwamba leo kutakuwa na mjadala.

Podikasti zilinijia kwa njia ya dhiki. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona, kisha mji mzima ukafungwa, na nguo za harusi nilizokuwa nimepokea zikakaa kwenye mifuko bila wa kuzichukua. Watoto walifuatilia masomo kwa Radio Rwanda, daftari kwenye mapaja. Saa za masomo zilipokwisha, nyumba ilibaki na habari za ugonjwa tu. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam alianza kunitumia vipindi vya sauti kwa WhatsApp, kimoja baada ya kingine, na ndipo nilipogundua kwamba mchezo au mazungumzo vinaweza kunisubiri mimi, badala ya mimi kukimbilia saa yake. Kwa mwanamke anayelea, hilo si jambo dogo. Mtoto akilia katikati ya Urunana, sehemu hiyo umeikosa. Kwenye simu unasimamisha, unamnyonyesha, unarudi pale pale.

Februari 2021 Spotify nayo ikafungua huduma Rwanda, pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, na kutafuta vipindi kukawa rahisi. Gharama bado ni jambo la kuzingatia. Kipindi cha nusu saa mara nyingi hakizidi MB 30, kwa hiyo yeyote anayepata waifai mahali popote, kazini au kanisani au kwa shemeji, apakue vipindi vya wiki nzima kwa mara moja, kisha asikilize bila kugusa bando. Mimi hupakua Jumamosi.

Hapo ndipo nilipokutana na orodha za ng'ambo. Kipindi kimoja cha akina mama, ambacho sitakitaja, kilinishauri niamke saa moja kabla ya watoto ili nipate muda wangu mwenyewe, nipike chakula cha wiki nzima Jumapili na kukigandisha, na nigawe siku yangu kwa rangi kwenye kalenda. Nilikisikiliza nikiwasha mkaa, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimeshaamka kabla ya watoto na kabla ya jogoo wa jirani. Mtangazaji alikuwa mpole na alikuwa akizungumza na mama wa kwao, mwenye friza na gari. Lakini niliona jinsi vipindi vya aina hiyo vinavyoweza kumwongezea mama kazi nyingine juu ya zile alizonazo: kazi ya kujirekebisha. Unamaliza kusikiliza ukiwa na madeni mapya kwako mwenyewe.

Kilichonipa asubuhi hakikuwa ushauri wa mtu. Tangu Januari 2023 shule hapa zinaanza saa mbili na nusu na ofisi saa tatu, kwa uamuzi wa serikali uliolenga, pamoja na mengine, wazazi wapate nafasi ya kuwaandaa watoto. Mume wangu, anayefanya kazi ofisini, hakuwa tena na sababu ya kutoka gizani. Sasa yeye ndiye anayewapeleka shule. Mama aliyelemewa anahitaji mtu wa kupokea mzigo upande wa pili, na hakuna podikasti itakayoubeba. Natamani kila anayetengeneza kipindi cha akina mama aanze na hilo kabla ya kufika kwenye kalenda za rangi.

Basi, ninavyovisikiliza.

Cha kwanza dukani kwetu ni Noa Bongo Jenga Maisha Yako, mfululizo wa michezo ya redio wa DW Kiswahili ulioanza mwaka 2008. Uliandikwa kwa ajili ya vijana, lakini akina mama wanaohitaji kuzungumza na vijana ndio wanaofaidika nao zaidi. Sehemu zake ni fupi, kama dakika kumi, muda wa kukunja pindo la sketi mbili. Siku tuliyosikiliza hadithi ya msichana anayetaka kuendelea na shule huku nyumbani wakimtaka aache, mmoja wa wasichana ninaowafundisha alisimamisha mashine na kusema kwamba kwao walikuwa watano na aliyesomeshwa ni kaka peke yake. Nilikuwa nimekaa naye muda mrefu bila kulijua hilo. Tulizungumza hadi mteja akaingia. Baadaye tulitafuta namna ya yeye kusoma jioni, na mada ya mshahara wake nayo ilifunguka siku hiyo hiyo.

Cha pili ni Siha Njema cha RFI Kiswahili, idhaa ya Ufaransa iliyoanza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 2010 kutoka Dar es Salaam. Ni kipindi cha afya, kifupi na kisicho na vitisho. Mama wa watoto wadogo huzungukwa na ushauri wa afya kutoka kila upande: jirani, shangazi, ujumbe uliosambazwa kwa WhatsApp mara elfu. Sauti moja inayomhoji daktari kwa lugha unayoielewa, bila kukuuzia dawa, ina thamani kubwa. Idhaa hiyo hiyo ina Gurudumu la Uchumi, ambacho nakipendekeza kwa kila mwanamke mwenye duka, hata genge la mboga. Bei ya mafuta ikipanda, bei ya uzi wangu hupanda nayo, na ni vizuri kuelewa sababu kabla ya kugombana na muuza uzi. Kwa jioni kuna Changu Chako Chako Changu, cha utamaduni na historia. Hicho ni cha kupumzika tu, na kupumzika ni sababu tosha.

Wanaotaka mazungumzo marefu ya Kiswahili wamtafute Salama Jabir wa Tanzania katika SalamaNa. Anamwacha mgeni wake aongee. Huuliza swali, kisha ananyamaza, na watu maarufu niliowajua kwa nyimbo na picha tu wanaanza kuzungumza juu ya mama zao, njaa, na walivyolelewa. Nimejifunza kwake jambo moja la malezi: kumuuliza mtoto na kusubiri. Binti yangu mkubwa ni mtu wa maneno machache. Nilikuwa nikimuuliza maswali matatu kwa pumzi moja na kujijibu. Sasa nauliza moja, naendelea kushona, na jibu huja, wakati mwingine baada ya mshono mzima.

Kwa anayeelewa Kiingereza, Legally Clueless ya Adelle Onyango wa Nairobi ni ya kusikilizwa na kila mwanamke anayedhani yuko peke yake. Aliianzisha mwaka 2019 baada ya kuacha kazi ya redio ya biashara, na moyo wake ni sehemu ambayo Waafrika wa kawaida wanasimulia maisha yao kwa sauti zao wenyewe, bila kukatizwa. Adelle amezungumza waziwazi kuhusu kufiwa na mama yake, na msiba ule unasikika katika jinsi anavyowapokea wengine. Hapa Kigali kwenyewe tuna The Long Form ya Sanny Ntayombya, mahojiano marefu kuhusu Rwanda na eneo letu. Sehemu moja inaweza kupita saa nzima, kwa hiyo mimi huitunza kwa siku ya kupiga pasi. Usikubali mtu akuambie kwamba mama anapaswa kusikiliza habari za watoto na mapishi tu. Siasa za eneo hili zinaamua watoto wetu watavuka mpaka gani na kwa karatasi gani.

Kati ya zile za ng'ambo, moja imebaki moyoni. Hillary Frank, mwandishi wa redio wa Marekani, aliumia katika kujifungua, na mwaka 2010 akaanzisha The Longest Shortest Time akiwa nyumbani, akitafuta akina mama wengine ambao mambo hayakwenda kama walivyoambiwa yatakwenda. Podikasti hiyo iliendelea hadi 2019. Nchi ni mbali, hospitali zao si kama zetu, lakini upweke wa usiku wa mwanamke aliyetoka kuzaa niliutambua mara moja. Wifi yangu alipojifungua kwa shida nilimtafutia sehemu moja, nikakaa naye, nikawa nasimamisha na kumweleza kwa Kinyarwanda. Alilia, kisha akaanza kusimulia yake.

Watoto nao wana vyao. Itetero, kipindi cha redio cha watoto wadogo kilichoanzishwa mwaka 2015 na shirika la utangazaji la Rwanda pamoja na UNICEF, kilimlea mwanangu wa mwisho kwa nyimbo na hadithi za Kinyarwanda. Ubongo ya Dar es Salaam, yenye katuni ya Akili and Me, ina sauti za Kiswahili na pia za Kinyarwanda, na kwangu hilo limesaidia watoto kukua na lugha zote mbili za nyumbani bila kuona moja ni ya aibu.

Sasa adabu za kusikiliza, ambazo hakuna aliyenifundisha na ambazo nazishika kwa ukali. Barabarani ni sikio moja tu. Kigali ni mji wa miteremko na pikipiki, na pikipiki inayoshuka kutoka Nyamirambo kwenda mjini haina mlio mkubwa hadi ifike begani mwako. Mtoto akiwa anaoga, hakuna kitu masikioni kabisa. Wakitoka shule, nazima. Zile dakika za kutoka shuleni hadi nyumbani ni zao. Hapo ndipo wanaposema nani alimpiga nani na mwalimu alisema nini, na ikipita jioni hawasemi tena. Podikasti itasubiri, ndiyo faida yake.

Dada wa kazi nyumbani naye ana masikio, jambo ambalo wenye nyumba wengi hulisahau. Anapika na kufua kwa saa nyingi kuliko mimi ninavyoshona. Kwetu yeye ndiye anayechagua kinachosikika jikoni kuanzia asubuhi hadi saa sita. Huchagua kwaya na mpira. Nimejua majina ya washambuliaji wa APR na Rayon Sports kwa sababu yake, na mjadala wa chakula cha jioni umechangamka.

Kuna siku pia za kutosikiliza chochote. Mwili ukichoka sana, hata sauti ninayoipenda huwa ni mtu mwingine anayetaka kitu kwangu. Siku hizo naacha mashine iseme peke yake. Ninawasihi akina mama wenzangu wasione haya kwa hilo, wala wasijaze kila dakika kwa kuogopa kupoteza muda. Akili hupanga mambo yake katika kimya, na maamuzi mengi mazuri ya duka hili yalikuja siku ambazo spika ilikuwa imezimwa.

Ninachokitaka zaidi bado hakijatosha. Kiswahili kimekuwa moja ya lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na kabla ya hapo kilikuwa lugha ya Biryogo kwa vizazi. Bibi walioijenga mitaa hii kwa mandazi na cherehani, waliolea watoto wa wenzao baada ya 1994, waliorudi kutoka Kigoma, Bujumbura, Goma na Kampala wakiwa na lafudhi nne katika nyumba moja, wanazeeka. Mama mkwe wangu alikwenda na hadithi zake zote, na sina hata dakika moja ya sauti yake.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, mwenye simu na mama au bibi aliye hai: mrekodi. Huhitaji studio. Simu yoyote ya kisasa inarekodi vizuri ukiikaribisha kwa anayesema, mbali na dirisha la barabarani. Kaa naye chumbani penye kabati la nguo lililo wazi au mapazia mazito, maana kitambaa hunyonya mwangwi. Mwombe ruhusa kwanza, na mwambie nani atasikia. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Ukipata nusu saa, tuma kwa dada zako, kwa wenzako wa ikimina, kwa binti aliyeko Oman au Ubelgiji. Wakianza kuulizana maswali juu ya alichosema, rekodi sehemu ya pili.